Injini na Maji ya Delta: Habari za Kale na Wajibu Wetu

Ndugu wanachama na wasomaji wa kitabu hiki cha ukumbusho,

Katika kurasa zilizotangulia wenzangu wamekwisha kueleza habari za korosho, ufuta, maghala na mikopo, na jinsi umoja wetu ulivyokua katika miaka hii kumi. Mimi nimetakiwa kuandika habari za injini za vyombo vyetu, na hasa habari za maji yanayozipoza. Huenda mtu akaona jambo hili ni dogo mno kuingizwa katika kitabu cha historia. Lakini wanachama wetu wa visiwa vya delta hawana lori wala barabara. Mpunga wao, nazi zao, kamba na kaa wao hufika sokoni kwa chombo, na mgonjwa wao hufika hospitali kwa chombo hicho hicho. Injini ikifa mlangoni mwa mto wakati kusi inavuma, jambo si hasara ya fedha tena. Ni roho za watu.

Katika kusoma na kuulizia habari za vyombo vya pwani hii nimeona jambo moja likijirudia kila zama: chombo kilidumu pale ambapo kazi ya kukitunza ilikuwa na mtu wake na siku yake. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza.

Zamani za matanga

Delta ya Rufiji ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Ndani yake mna mkoko wenyewe, mui, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi na msikundazi. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti, yakarudi na kusi kwenda kujengea nyumba katika nchi zisizo na miti. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia, Alan Villiers, alifika katika delta yetu ndani ya jahazi la Kuwait lililoitwa Bayan, lenye nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kuja kupakia boriti. Habari za safari hiyo alizitia katika kitabu chake cha mwaka 1940, Sons of Sindbad. Jahazi lile halikuwa na injini. Vyombo vya namna hiyo viliingia mitoni kwa maji kujaa na kutoka kwa maji kupwa, na upepo ulipokosekana, kwa nguvu za mikono.

Yafaa tukumbuke kwamba vyombo vya matanga navyo vilitunzwa, tena kwa desturi kali. Wakati wa bamvua chombo kilipandishwa pwani, kikaegemezwa, mbao zikatazamwa moja moja, nyufa zikatiwa kalafati, ubavu ukapakwa sifa na sehemu ya chini deheni ili mdudu asile mti. Kila baharia alijua zamu yake, wala hapakuwa na nahodha aliyengoja mpaka maji yaingie ndipo aulize ni nani aliyepaswa kuziba. Desturi hizo zilikuwa nusu ya elimu ya ubaharia. Injini ilipokuja ilikuja peke yake, bila desturi zake, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Manowari iliyoletwa na ubovu wa mtambo

Mtambo mkubwa unaokumbukwa zaidi katika delta yetu haukuwa wa dizeli bali wa mvuke, nao ulikuja kwa sababu ya vita. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja na kuizamisha. Pegasus ilikuwa imetia nanga kwa ajili ya kusafishwa matangi yake ya mvuke na kutengenezwa mitambo, kwa hiyo haikuweza kukimbia. Lakini mshindi naye alikuwa na ugonjwa wake. Mtambo wa Königsberg ulivunjika, ikalazimika kurudi kujificha katika mikoko ya Rufiji, na vipande vilivyoharibika vikachukuliwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa. Vilipokuwa tayari Waingereza walikuwa wamekwisha kufika na kuziba midomo ya mto. Mwezi wa Julai 1915 walileta manowari mbili zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na tarehe 11 ya mwezi huo Königsberg ikafikia mwisho wake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, manowari iliyokuwa na mizinga 10 haikuingia mtoni kwetu kwa kushindwa mapigano. Iliingizwa na ubovu wa mtambo. Twajifunza pia kwa Pegasus kwamba usafi wa mtambo una wakati wake: afadhali kuufanya kwa hiari siku ya utulivu kuliko kulazimishwa nao siku ya hatari.

Mizinga ya Königsberg ilitolewa ikatumika vitani nchi kavu, na mmoja ulifikishwa Kigoma ukawekwa katika meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo yatupa fundisho la upande wa pili. Wajerumani walipoona hawawezi kuishika Kigoma waliizamisha wenyewe, tarehe 26 Julai 1916. Lakini kabla ya kufanya hivyo mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali, ili maji yasile chuma. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaikuta mitambo inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwa mvuke mpaka miaka ya 1970, ilipotiwa injini za dizeli. Meli ililala majini karibu miaka minane ikainuka ingali nzima, kwa sababu ya watu waliofanya kazi ya grisi siku ambayo hakuna ambaye angewalaumu kama wangeiacha.

Kuzaliwa kwa injini ya dizeli

Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani. Injini yake ilijaribiwa rasmi mjini Augsburg mwaka 1897, ikaonekana kwamba yageuza kama robo ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Kwa siku hizo ilikuwa ajabu, kwani mitambo ya mvuke ilikuwa chini sana ya hapo. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilisafiri bahari kuu kwa dizeli, na mwaka 1933 huko Japani Yamaoka Magokichi, mwenye kiwanda cha Yanmar, alifaulu kutengeneza dizeli ndogo iliyoweza kutumiwa na mkulima na mvuvi. Tangu hapo injini iliweza kukaa hata katika mashua.

Lakini tuitazame tena ile robo. Ikiwa robo moja ya nguvu ya mafuta ndiyo iliyofanya kazi, robo tatu zilikwenda wapi? Ziligeuka joto. Injini za siku hizi ni bora zaidi, hata hivyo sehemu kubwa ya mafuta tunayonunua kwa fedha za wanachama huishia kuwa joto. Sehemu moja hutoka na moshi, na nyingine haina budi kuchukuliwa na maji. Maji yakisimama kwa dakika chache tu, mafuta ya kulainisha huwa mepesi, pistoni hutanuka na kukwaruza silinda, gasketi huungua, na kichwa cha injini hupinda au kupasuka. Basi maji si kitu cha pembeni. Ndiyo yanayoishikilia injini isijichome yenyewe.

Adui aliye ndani ya maji

Hapa ndipo delta inapotutega. Maji yanayoipa injini uhai ndiyo hayo hayo yanayoiua, tena kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni chumvi. Kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za namna namna. Maji yanapopata joto ndani ya injini, hasa yakipita nyuzi 60 za sentigredi, chokaa na jasi huachana na maji na kugandamana na chuma, kama ukoko wa sufuria. Ukoko huo haupitishi joto vizuri. Fundi huona maji yanatoka nyuma ya chombo, akadhani mambo ni mazuri, kumbe ndani injini inaiva. Kwa sababu hiyo injini zinazopozwa kwa maji ya bahari moja kwa moja hutengenezwa ziende na joto la chini. Nyingine huzungushiwa maji matamu au kulanti ndani kwa ndani, na maji ya bahari hupita katika mirija ya kipoza-maji tu, kulipokea joto na kulitupa nje. Namna hii ya pili ni bora, lakini mirija yake ni myembamba na huziba upesi.

Njia ya pili ni tope. Wakati wa masika Rufiji huteremka nyekundu, na maji yake hubeba mchanga laini, majani na vijiti. Chujio huziba, na mchanga unaopenya hula impela, yaani lile gurudumu la mpira lenye mabawa ndani ya pampu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini iliyokwisha kutupwa yangali inaelea, na mmoja ukinaswa mdomoni mwa bomba watosha kuizima safari.

Njia ya tatu ni ulaji wa chuma. Shaba na chuma zikikutana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na ile metali iliyo dhaifu huliwa polepole. Dawa ya jambo hili yajulikana tangu mwaka 1824. Mwaka huo mtaalamu wa Kiingereza, Humphry Davy, aliombwa ayalinde mabamba ya shaba yaliyofunika manowari kwa chini. Akaonyesha kwamba kipande cha zinki au chuma kikifungwa pamoja na shaba, hicho ndicho kitakacholiwa, na shaba itabaki. Alisema kweli. Lakini shaba isipoliwa haitoi sumu majini, kwa hiyo magugu na vidudu vya magamba vikaota kwa wingi chini ya meli, zikawa nzito, na mpango ukaachwa. Baadaye ilionekana kwamba dawa ilikuwa nzuri kwa mahali pengine. Leo kipande kidogo cha zinki kimo ndani ya kipoza-maji cha injini nyingi za baharini. Huwekwa ili kiliwe, kusudi kilicho ghali kisiliwe. Nimewakuta watu wakikitoa na kuziba tundu kwa boliti ya kawaida, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha na kununua kingine kulionekana gharama. Tangu siku ile betri huanza kula kipoza-maji chenyewe.

Desturi ambazo vyombo vyetu vyahitaji

Kama wazee walivyokuwa na kalafati na deheni, sisi nasi hatuna budi kuwa na desturi za injini. Kitabu cha mtengenezaji kitangulie maneno yangu, kwani injini hutofautiana. Lakini yafuatayo yafaa kwa karibu zote.

Kabla ya safari, fungua bilula ya chini ya chombo, safisha chujio, tazama mikanda na mabomba ya mpira, na ikiwa injini ina maji matamu ya ndani, hakikisha yamejaa. Ukisha kuwasha, tazama nyuma: maji yatoke kwa kishindo pamoja na moshi. Yasipotoka kwa muda mfupi, zima. Usiseme yatakuja mbele ya safari.

Baada ya safari, isafishe kwa maji matamu. Funga bilula, toa bomba la kuvutia maji, litie ndani ya pipa la maji matamu, uwashe injini ivute yenyewe kwa dakika kadhaa, na uizime kabla pipa halijakauka, maana impela ikienda kavu huungua mara moja. Usisukume maji kwa nguvu ya pampu ya nje hali injini imezimwa. Katika injini ambazo maji yake hutokea kwenye bomba la moshi, maji hayo hujaa bombani yakarudi hadi kwenye silinda, na siku ya kuwasha utavunja vyuma. Ukimaliza, ning'iniza kibao kwenye swichi kinachosema bilula imefungwa, ili mwenzako wa asubuhi asisahau kuifungua.

Kila mwezi, tazama zinki. Ikibaki nusu, ibadilishe. Fungua kifuniko cha pampu utazame impela. Ukiona bawa limekatika, usiridhike na kuweka impela mpya. Kitafute kile kipande, kwani kimekwenda kujibanza mahali katika mirija, nacho kitakuja kukuumbua katikati ya safari. Impela ya akiba na spana zake zikae chomboni, si dukani Kibiti.

Kila mwaka, fungua kipoza-maji, pitisha kijiti laini katika mirija, na ukoko uuondoe kwa siki iliyoachwa humo kwa saa kadhaa, kisha isuuze vizuri. Asidi kali ya betri au ya kusafishia vyoo isikaribie injini. Yaondoa ukoko na chuma pamoja.

Na injini ikipata joto kupita kiasi, ipunguze, uitulize, kisha uizime. Usifungue kifuniko cha maji ya moto, yatakuunguza uso. Wala usiimwagie maji baridi, kwani chuma chenye moto kikipata baridi ghafla hupasuka. Tia nanga, ngoja, halafu anza kutafuta sababu kwenye chujio.

Wapo watakaouliza, maji matamu ya kuoshea yatoke wapi, na visima vya visiwani vina chumvi? Swali ni la haki. Jibu langu ni mvua. Ghala lenye bati, likiwekewa mifereji na tangi, laweza kukinga wakati wa masika maji ya kuoshea injini kwa muda mrefu wa kiangazi.

Mali ya wote na mkono wa mmoja

Sasa nirudi kwenye ushirika. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na umoja wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, ukaandikishwa mwaka 1933. Vyama vikaenea nchi nzima. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu, kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na leo twaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Katika safari hiyo ndefu mali nyingi za vyama zilipita mikono mingi. Kila mahali wazee husimulia habari ile ile: mashine ya watu wote ambayo hakuna aliyeiosha, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ameiosha.

Mvuvi mwenye mashua yake huiosha usiku hata akiwa amechoka, maana ikifa, watoto wake ndio watakaolala njaa. Mashua ya chama ina wenyewe mia, na jambo la watu mia mara nyingi huwa halina mtu. Hili ndilo tatizo letu kubwa, kuliko chumvi na kuliko tope. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la fedha tunalo, na mkaguzi hulitazama kila mwaka. Daftari la injini lipo wapi?

Naleta basi mapendekezo matatu mbele ya wanachama, yazungumzwe katika mkutano mkuu. Kwanza, kila injini ya chama iwe na mtunzaji mmoja anayejulikana kwa jina, anayelipwa kwa kazi hiyo, na daftari ambamo ataandika saa zilizotembewa, siku ya kuosha, zinki na impela zilizobadilishwa. Na Kamati ya Usimamizi ilikague kama inavyokagua kasha la fedha. Pili, tupeleke vijana wetu wawili kusomea ufundi wa injini za vyombo katika Chuo cha Uvuvi Mbegani, Bagamoyo, ambacho kipo katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, ili tusitegemee fundi wa kuitwa kwa simu. Tatu, na hili ndilo zito, fedha za matunzo zitengwe kabla ya kugawana faida, wala si kutoka katika mabaki yake.

Najua pendekezo la tatu halitapendwa. Mwanachama wa bara asiyepanda chombo ataona ni kukatwa gawio lake kwa ajili ya mashua za watu wa visiwani. Namwomba afikiri hivi. Umoja wetu una mguu mmoja shambani na mmoja majini. Mwenzake wa kisiwani alichangia ghala ambalo korosho zake hazimo, kwa kuwa alielewa maana ya ushirika. Sasa zamu imefika ya kumrudishia. Na bei ya kipande cha zinki hailingani na bei ya kipoza-maji, wala bei ya kipoza-maji hailingani na bei ya injini, wala bei ya injini haiwezi kutajwa mahali pamoja na uhai wa abiria.

Miaka kumi ya kwanza tumeitumia kutafuta mali, nasi twamshukuru Mungu kwa tulichopata. Miaka kumi ijayo itatupima kwa namna tutakavyoitunza. Wale mafundi wa Kigoma wa mwaka 1916 walipaka grisi mitambo ambayo hawakutumaini kuiona tena. Sisi twaombwa kuosha tu zile ambazo tutazihitaji kesho asubuhi.

Wenu katika ushirika,

Katibu wa Umoja,
Mtawanya, Kibiti.